Jua la Upande wa Barabara

Kaka yangu alistaafu akiwa karani wa masjala ya ardhi, lakini kustaafu kwenyewe hakukumwingia kichwani. Miaka thelathini alikuwa akipokea mafaili, akigonga mihuri na kuwaambia watu warudi wiki ijayo. Alipokosa watu wa kuwaambia hivyo, akatugeukia sisi wa nyumbani. Ukitaka kupigilia msumari ukutani, andika barua. Ukitaka kuanika mashuka upande wa mbele, andika barua. Mimi dada yake wa tumbo moja, mtu mzima mwenye mvi zangu, nilipotaka kufuga kuku uani niliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, nikampa mkononi akiwa amekaa sebuleni na bukta. Akaisoma yote, akaikunja, akasema, "Imepokelewa." Jibu nililisubiri wiki tatu, na tunakula meza moja kila siku!

Mtaani walimwita Bwana Faili. Yeye akidhani wanamheshimu.

Nyumba tunayokaa aliijenga baba. Baba alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka uleule ndoa yangu ilipovunjika nikarudi na begi moja na sufuria zangu. Baada ya mazishi kaka alinikalisha chini, akaniambia baba ameiacha nyumba mikononi mwake, ila nisiwe na wasiwasi, chumba cha uani ni changu maadamu yeye yuko hai. Nikamshukuru. Tena nilimshukuru kwa machozi, mjinga mimi.

Katika chumba hicho ndimo nilimosimama upya. Nina mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku lenye ukubwa wa kabati la nguo, trei sita, kila trei mayai arobaini na manne. Kazi yake haitaki mzaha: joto la nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana, siku ishirini na moja. Sasa niambie, utafanyaje kazi hiyo na mgao wa umeme? Mara mbili mfululizo nilifungua mlango wa mashine nikakuta mayai viza, trei baada ya trei. Mteja wangu mkubwa, mama mmoja mwenye mabanda ya kuku, akaniambia bila kuzunguka, "Safari hii nikikosa vifaranga nahamia kwa mwingine, tusilaumiane." Na huyo ndiye aliyekuwa akinilisha. Akiondoka, basi tena, nizime mashine nibaki kumenya vitunguu vya wifi mpaka nizeeke.

Ndipo likaja tangazo la ruzuku. Mwenye nyumba yeyote atakayefunga sola juu ya paa lake atarudishiwa theluthi ya gharama. Ikiwa sola hiyo inaendesha kazi ya kuingiza kipato humo nyumbani, atarudishiwa nusu. Mitambo itakaguliwa kabla ya malipo. Kaka alitusomea mezani kwa sauti ya kusomea hotuba, na kila alipofika kwenye "mwenye nyumba" alitua kidogo, akatutazama mmoja mmoja, mimi na wifi, ili tujue anayetajwa ni nani.

"Tena umeme ukizidi unauzia shirika la umeme," akasema. "Yaani serikali itakuja kununua umeme kwangu. Kwangu mimi!"

"Watapanga foleni?" nikamuuliza.

"Cheka tu," akasema. "Lakini nitahitaji mchango wako. Inveta peke yake ni ghali."

Nikamwambia nitatoa, kwa sharti moja: waya wa kwanza kutoka kwenye hiyo sola uje kwenye mashine yangu. Akakubali. Akaapa. Nikatoa akiba yangu yote, ile niliyokuwa naificha ndani ya gunia la chakula cha vifaranga, nikampa. Mayai mapya nikayapanga wiki ileile, mia mbili sitini na manne, nikijua safari hii mgao utanipita kando.

Fundi wa sola alikuwa kijana mpole mwenye mikono iliyoungua jua na subira ambayo sijui aliipata wapi. Kabla ya kushika hata bisibisi alizunguka nyumba mara mbili, akapanda paa, akakaa juu kileleni kama nusu saa akitazama tu. Aliposhuka akatuita wote watatu.

"Mzee," akamwambia kaka, "paneli haina ujanja. Inakula mwanga inatoa umeme, ikikosa mwanga haitoi. Umeme unaingia kwenye betri, betri ndiyo ghala lako. Inveta inaubadilisha uwe umeme wa nyumbani, ule wa kuendesha friji na mashine ya dada hapa. Sasa paa lako lina pande mbili. Huku mbele, barabarani, asubuhi yote lile ghorofa la ng'ambo linaziba jua. Likitoka nyuma ya ghorofa ni karibu saa tano, na ikifika saa nane limeshapinda upande wa pili. Huko nyuma, kuanzia saa tano mpaka jioni hakuna kinachozuia. Tufunge nyuma."

Kaka akacheka kile kicheko chake cha ofisini.

"Nyuma kuna nini?" akauliza.

"Kuna jua, mzee."

"Nauliza kuna nani? Kuna ukuta wa choo na miti ya jirani. Paneli nane nizifunge nyuma azitazame nani, popo?"

Nilidhani anatania. Jamani, hakuwa anatania! Wifi naye akaunga mkono. Wifi yangu si mtu mbaya, ila ana ugonjwa wa majirani. Jirani akipaka rangi, wifi hapati usingizi. Akasema ghorofa lote litakuwa linatutazama kutoka juu, wapangaji ishirini na nne, na zile paneli zikipangwa vizuri mbele zitang'aa. Fundi akajaribu tena, akaeleza kwamba paneli zimeungwa mfululizo, moja ikikaa kivulini inazivuta chini zote, kwa hiyo hata kivuli cha tangi la maji la ghorofani ni hasara. Kaka akamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Kijana akachukua vipimo vya mbele.

Hasara ya pili ilikuwa betri. Fundi alipiga hesabu ya vitu vyote vya nyumbani, wati za friji, za taa, za televisheni, na kwa mashine yangu akaandika wati mia mbili na kuzungushia duara, kwa sababu hiyo haizimwi. Akasema tunataka betri nne. Kaka akanunua moja. Hoja yake ilikuwa kwamba betri inakaa chini ya ngazi karibu na ndoo za maji, mahali ambapo mgeni haingii. Fedha iliyobaki ikanunua taa kumi na mbili za getini zinazobadilika rangi. Nyekundu, bluu, kijani, zambarau. Ukipita barabarani ungedhani tunauza pombe.

Na ule waya wangu wa kwanza? Siku kazi ilipokamilika nilimwona fundi anakunja zana zake, nikamfuata kaka. Akaniambia uani ni awamu ya pili.

"Awamu ya pili ya nini? Kaka, uliapa."

"Mambo yana utaratibu. Andika barua."

Nikaandika, mtu mzima mimi, nikiikandamiza kalamu kwa hasira mpaka ikatoboa karatasi. Akaisoma, akasema, "Imepokelewa." Siku hiyo nilitamani kumtafunisha barua ile pamoja na bahasha yake.

Siku ya ukaguzi ilipangwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Mayai yangu yalikuwa na siku kumi na tisa, yaani ukiliweka yai sikioni unasikia kiumbe anajigeuza ndani. Asubuhi, saa mbili kamili, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikakimbia mbele nikamkuta kaka kavaa suti ya siku ya kustaafu, anapanga viti vya kukodi kwenye baraza. Alikuwa amewaalika wapangaji wa ghorofani waje washuhudie.

"Kaka, nakuomba. Nipe soketi moja tu. Nitavuta waya mwenyewe kupitia dirishani."

"Leo? Na wageni hivi? Betri ni ya sherehe. Mashine yako itaimaliza kabla hawajafika."

"Vifaranga wamebakiza siku mbili watoke. Watakufa."

"Ni mayai," akasema, "si watu." Akarudi kwenye viti vyake.

Nilirudi chumbani nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa na madumu, nikayapanga ndani ya mashine, nikaifunika kwa blanketi langu na kanga zangu zote isipokuwa niliyovaa. Kila nusu saa nabadilisha maji. Kipimajoto kilikuwa thelathini na saba, kikawa thelathini na tano, kikawa thelathini na tatu. Saa saba hivi wifi akachungulia. Akaniona nimepiga magoti sakafuni na jasho linanitiririka. Akaondoka, akarudi na mablanketi mawili ya chumbani kwake, yale mazuri ya wageni, akayatupia juu ya mashine.

"Nimemwambia," akanong'ona. "Hasikii."

Huko mbele kulikuwa na harusi isiyo na bibi harusi. Friji inanguruma, televisheni iko wazi, spika mbili kubwa zinapiga muziki, taa za getini zinawaka rangi zote kumi za dunia mchana kweupe. Mkaguzi akafika saa tisa kasoro, mama mmoja mfupi mwenye raba za turubai na faili kwapani. Kaka hakumsubiri aulize kitu. Akashika kipaza sauti. Kutoka uani nilimsikia neno kwa neno.

"Ndugu wageni, leo nyumba hii imetoka gizani! Wengine wanalia na mgao, lakini mimi nasema, jua halina mgao, jua halina…"

Kimya. Muziki, friji, taa, sauti yake, vyote vikakatika kwa pamoja. Wageni walidhani ni kituo cha hotuba, wakapiga makofi.

Mimi sikuwa na hamu ya kucheka. Kipimajoto kilisoma thelathini na moja. Nikatoka mbio nikiwa nimejifunga kanga moja, nikapita katikati ya viti vya kukodi, nikamkamata mkono fundi, aliyekuja kusimamia mitambo siku hiyo.

"Nisaidie. Shusha hata paneli mbili, ziweke nyuma kwenye jua, univutie waya. Inawezekana?"

"Inawezekana, dada. Nusu saa."

"Panda."

Alikuwa ameshika ngazi tayari kaka alipotufikia. Uso umemvimba, tai imekaa kando.

"Hakuna kinachoshuka pale! Nani kakupa ruhusa? Unaniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya mayai? Unakaa hapa kwa hisani yangu! Mwenye nyumba hii ni mmoja, na ni mimi!"

Mkaguzi alikuwa amesimama karibu na ndoo ya maua, anafunua faili lake taratibu, karatasi baada ya karatasi, mpaka ya mwisho kabisa. Akavaa miwani.

"Samahani, mzee," akasema. "Hicho ndicho nilichotaka kuuliza. Kwenye fomu umejaza mmiliki mmoja. Lakini nakala ya hati uliyoambatanisha ina majina mawili. Saini ya huyu wa pili haipo."

Akasoma majina. La kaka kwanza. Kisha akasoma langu, lote, likiishia na la baba.

Nitakueleza kilichomponza kaka, maana nimekifikiria sana. Miaka thelathini ya masjala ilimfundisha kwamba watu husoma ukurasa wa juu wa faili, hakuna asomaye viambatanisho. Bila hati hakuna ruzuku, kwa hiyo akaitoa kabatini alikokuwa ameifungia tangu baba afe, akabana nakala yake chini kabisa ya karatasi zote, akatulia. Hakujua kwamba duniani kuna mama mmoja wa raba za turubai anayesoma mpaka karatasi ya mwisho.

"Na pia," mkaguzi akaendelea, "umeomba ile nusu. Umeandika kazi ya kipato, kutotoa vifaranga, inaendeshwa kwa sola. Naomba niione hiyo mashine."

Nikamgeukia kaka.

"Ulijua?"

"Dada, haya tutayazungumza ndani."

"Nakuuliza, ulijua jina langu limo?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nasubiri wakati mwafaka," akasema. "Faili lilikuwa bado linashughulikiwa."

Miaka kumi na miwili! Baba aliniandika. Baba, ambaye kwa miaka yote hiyo nilidhani alinisahau kwa sababu nilivunja ndoa nikamtia aibu, aliniandika kwa mkono wake, sawa kwa sawa na mwanawe wa kiume. Nikalia pale pale, mbele ya wapangaji ishirini na nne, wala sikujifuta.

Lakini vifaranga hawangojei mtu amalize kulia. Nikamwambia fundi, "Panda, shusha mbili." Kaka akafungua mdomo. Nikamwambia, "Na wewe kaka, shika ngazi isiteleze." Wala sikupaza sauti. Na Bwana Faili, na suti yake ya kustaafu, akaishika ngazi kwa mikono miwili, wageni wanatazama, fundi akipanda na kushuka na vumbi la paa likimdondokea kichwani.

Mkaguzi alinifuata uani. Fundi alipoziegesha zile paneli mbili juu ya paa la nyuma, jua la alasiri lilikuwa linazipiga sawasawa. Akazima vitu vyote vya mbele, akapitisha waya dirishani, akachomeka. Feni ya mashine ikakohoa mara moja, kisha ikazunguka. Wifi akashika mdomo. Mimi nikakaa sakafuni na macho kwenye kipimajoto, na mpaka kilipopanda nyuzi moja sikuthubutu kupumua vizuri.

Mkaguzi akaniwekea fomu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kulikuwa na mstari wa saini yangu. Juu yake imeandikwa kwamba mimi mmiliki nathibitisha shughuli hii inaendeshwa kwa nguvu ya jua. Kaka alisimama kizingitini, kijasho chembamba kinamtoka.

"Saini basi, mdogo wangu," akasema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. "Fedha ni yetu sote."

"Imeendeshwa kwa jua kwa dakika kumi," nikamwambia mkaguzi. "Uongo siuwekei saini. Rudi mwezi ujao. Utakuta paneli zote nane ziko huku nyuma na betri za kutosha, hapo nitasaini."

Mkaguzi akaandika tarehe, akafunga faili, akaniaga kwa kunipa mkono. Kaka hakupewa mkono.

Jumamosi wakaanza kutoboa maganda. Kati ya mia mbili sitini na manne, walitoka mia moja na sabini. Waliobaki niliwazika nyuma ya choo, na sitasema walikufa kwa mgao, maana najua waliuawa na nini. Mama wa mabanda alikuja na maboksi yake, akahesabu, akaguna kwamba ni pungufu, akawabeba wote. Akaniambia awamu ijayo anataka mia mbili.

Baada ya yeye kuondoka nilikuwa nasafisha trei nikasikia mlango unagongwa. Wifi huingia moja kwa moja, na fundi alikuwa juu ya paa. Nikauliza ni nani.

"Ni mimi," kaka akasema kutoka nje. "Naomba kuingia."

Miaka kumi na miwili kaka hakuwahi kugonga mlango ule. Nikaendelea kusugua trei, nikamwacha agonge tena.